Virusi, Tezi ya Shingo na Kitenzi "Kuleta"

Kwetu Kasongo ugonjwa huletwa. Malaria huletwa na mbu, kipindupindu huletwa na maji machafu, tumbo la kuharisha huletwa na chakula kilicholala, na yapo magonjwa ambayo watu husema, kwa sauti ya chini, kwamba yameletwa na mtu. Kitenzi ni kile kile katika sentensi zote nne. Hakitofautishi kati ya kilichoanzisha ugonjwa, kinachouendeleza, na kilichopita tu karibu yake. Kwa maongezi ya kila siku kinatosha. Lakini kuna mahali kinapotuangusha, na katika makala haya nataka kuonyesha pamoja: swali la kama virusi huleta ule ugonjwa wa tezi ya shingo ambao kinga ya mwili wa mgonjwa ndiyo inayoivuruga tezi yake.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si daktari, au kama tunavyosema Maniema, si munganga. Msomaji wa pwani asishtuke: kwetu munganga ni yule wa hospitali. Jambo hili nimeliingia kwa mlango wa ukalimani. Shangazi yangu, aliyeolewa Kabambare, alianza kukonda ingawa alikuwa akila kuliko kawaida yake. Mikono ilimtetemeka hata akashindwa kumimina chai bila kuimwaga. Moyo ulimwenda mbio usiku akiwa amelala. Alisikia joto wakati wengine wanajifunika. Shingo ilimjaa kwa mbele, na macho yakawa kama yanasukumwa kutoka ndani. Alitibiwa malaria, kisha minyoo, kisha moyo. Pale alipoanzia hapakuwa na kipimo cha homoni. Ndugu walichanga, akapakiwa kwenye pikipiki hadi Kasongo, na kutoka Kasongo akasafirishwa hadi mji mkubwa nje ya jimbo, ambako damu yake ilipimwa na ugonjwa ukapata jina: ugonjwa wa Graves.

Daktari alizungumza Kifaransa, mimi nikawa mkalimani. Shangazi alitaka kujua ugonjwa umetoka wapi. Daktari alijibu kwa sentensi ndefu yenye tahadhari nyingi: kwamba kinga ya mwili wake imeilenga tezi kimakosa, kwamba kuna sehemu ya urithi, na kwamba haiwezekani kukataa moja kwa moja kuwa maambukizi fulani ya virusi, ya miezi au miaka iliyopita, yalichangia kuuanzisha. Niliifikisha sentensi hiyo na tahadhari zake zote. Shangazi aliisikiliza na kuielewa. Lakini ilipofika Kabambare, baada ya kupita vinywa vya ndugu wanne au watano, ilikuwa imebaki maneno mawili: "Ana virusi." Wiki hiyo hiyo sahani yake ikatengwa na za wengine, na wajukuu wakazuiwa kulala naye. Jirani mmoja mwenye huruma akamletea vidonge vya kuua vijidudu vilivyonunuliwa sokoni. Na shangazi mwenyewe akaanza kujiuliza kwa nini aendelee kumeza dawa aliyopewa hospitalini, kama dawa hiyo haiui virusi.

Nimerudi chuoni na swali hilo, nikasoma nilichoweza kusoma, na nikagundua kwamba nusu ya tatizo ni la tiba na nusu ni letu sisi watu wa lugha.

Tuanze na kiungo chenyewe. Kamusi zinatupa neno dundumio kwa tezi iliyo mbele ya koo, na rovu kwa uvimbe wake. Dundumio sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu Kasongo wala Kabambare. Kwetu watu husema uvimbe wa shingo, au hulichukua neno la Kifaransa. Tezi hiyo ni ndogo na ina umbo la kipepeo. Huchukua iodini kutoka damuni, ile ambayo Watanzania huiita madini joto, na kutengeneza homoni zinazoamua mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, joto liwe kiasi gani, chakula kichomwe haraka au polepole. Tezi haifanyi kazi kwa hiari yake. Tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo huituma amri kwa kutumia homoni iitwayo TSH, na juu ya seli za dundumio kuna vipokezi vya kuipokea amri hiyo.

Magonjwa mawili makubwa ya tezi yanayotokana na kinga ya mwili yamepewa majina ya madaktari. La kwanza ni la Robert Graves wa Dublin, aliyelieleza mwaka 1835. La pili ni la Mjapani Hakaru Hashimoto, ambaye mwaka 1912 alieleza tezi za wanawake wanne zilizokuwa zimejaa seli nyeupe za damu. Hakuna kati yao aliyejua kwamba kinga ya mwili inahusika. Hilo lilikuja mwaka 1956. Huko London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao waligundua kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina kingamwili dhidi ya protini ya tezi yao wenyewe. Mwaka huo huo, Noel Rose na Ernest Witebsky huko Marekani walionyesha kwamba sungura anaweza kufanywa aiugue tezi yake kwa kuifundisha kinga yake kuikataa. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba mwili hauwezi kufanya jambo kama hilo.

Hapa ndipo mkalimani anapokutana na mtego wa kwanza. Vitabu na vijitabu vya afya vya Kiswahili, pale vinapogusa magonjwa haya, hupenda kusema kwamba "mwili unajishambulia wenyewe". Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Lakini angalia kiambishi -ji-. Kinasema tu kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Hakisemi kama alikusudia. Msikilizaji ndiye anayejaza nia, na huijaza kutokana na maneno anayoyajua: kujiua, kujidhuru, kujitakia, kujiletea. Shangazi aliposikia maneno hayo kwa muuguzi mmoja, aliniuliza: "Mwanangu, mimi nilijifanya nini?" Alikuwa akitafuta kosa lake. Swali hilo ndilo kiambishi kilimfundisha kuuliza.

Mtego wa pili umo katika kitenzi kushambulia. Huko Kabambare neno hilo halina haja ya kufafanuliwa. Vijiji vimeshambuliwa, watu wamekimbia na kurudi, na kitu kinachoshambulia huwa kina silaha na kinatoka mahali fulani. Lakini hata tukiweka vita kando, kitenzi hiki hakiwafai wagonjwa wote. Kwa mgonjwa wa Hashimoto kinakaribia ukweli: seli za kinga huingia ndani ya tezi na kuiharibu taratibu, hadi homoni zinapungua, mtu anachoka, ananenepa, anasikia baridi. Kwa mgonjwa wa Graves ni karibu kinyume. Kingamwili zake haziiui tezi. Zinakaa juu ya kile kipokezi cha TSH na kukiwasha, kana kwamba amri imetoka juu. Tezi inatii amri bandia, inafanya kazi usiku na mchana, inakua, na mwili mzima unakimbizwa. Kwa hiyo shangazi hakuwa anashambuliwa na chochote. Tezi yake ilikuwa ikiamrishwa na sauti isiyo ya mwenye mamlaka. Nilipomweleza hivyo, kwamba ni kama mtu aliyechonga ufunguo wa bandia wa pikipiki ya jirani akaiwasha na kuiacha inguruke usiku kucha hadi mafuta yaishe, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie hospitalini, na akataka kujua aliyechonga ufunguo ni nani.

Ni swali zuri, na ndilo linalotufikisha kwa virusi.

Sababu za kuvishuku zipo. Kuna ugonjwa mmoja wa tezi ambao uhusiano wake na virusi umejulikana kwa muda mrefu, nao ni uvimbe wa tezi wenye maumivu makali unaopewa jina la daktari de Quervain. Mara nyingi huja wiki chache baada ya mafua au maambukizi ya koo, hudumu miezi, kisha hupoa. Umewahi kuambatana na matubwitubwi, na wakati wa korona madaktari wa Italia walieleza mwaka 2020 mgonjwa kijana aliyeupata baada ya kuambukizwa virusi hivyo vipya. Lakini ugonjwa huo kwa kawaida huja na kuondoka. Hauzai ile kinga iliyopotoka inayoendelea kwa miaka. Anayeutumia kama ushahidi kwamba Graves au Hashimoto huletwa na virusi anaruka mto kwa hatua moja.

Ushahidi ulio karibu zaidi unatokana na dawa. Seli inapovamiwa na virusi hutoa kemikali za kuwaonya majirani zake, ziitwazo intaferoni. Kwa miaka mingi, kabla ya dawa za sasa, wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walitibiwa kwa sindano za intaferoni, na baadhi yao wakapata ugonjwa wa tezi, wengine wakiwa na kingamwili zile zile za Graves au Hashimoto. Tena virusi vya homa hiyo ya ini, hata bila sindano, vimehusishwa na ongezeko la kingamwili dhidi ya tezi. Maana yake ni kwamba kelele za vita dhidi ya virusi, hata zikipigwa na sindano badala ya kirusi, zinaweza kumwamsha mwenye mwelekeo wa kuugua. Watoto waliozaliwa na rubela waliyoipata tumboni nao wameonekana kuwa na magonjwa ya tezi ya aina hii zaidi ya wengine.

Kisha kuna kirusi cha Epstein-Barr, ambacho historia yake inapita Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto. Sampuli zikapelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakitambua kirusi ndani ya seli zake. Kirusi hicho hukaa mwilini maisha yote, ndani ya seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili. Mwaka 2022 utafiti mkubwa uliofuatilia damu za wanajeshi wa Marekani ulionyesha kwamba hatari ya kupata ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu unaotokana na kinga, ule unaojulikana kwa Kifaransa kama sclérose en plaques, iliongezeka takriban mara 32 baada ya maambukizi ya kirusi hiki. Tangu hapo wengi wameuliza: kama ni hivyo kwa mishipa ya fahamu, kwa nini si kwa tezi?

Jibu la uaminifu ni kwamba kwa tezi bado halijathibitishwa. Kirusi hicho wanacho zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani, na Afrika wengi hukipata wakiwa watoto wadogo. Kitu walichonacho karibu wote hakiwezi peke yake kueleza kwa nini anaugua huyu na si yule. Tena, kukikuta kirusi ndani ya tezi yenye ugonjwa hakutoshi. Tezi iliyovimba imejaa seli nyeupe, na seli nyeupe ndizo nyumba ya kirusi hicho. Nzi unaowakuta juu ya mzoga hawakumuua mnyama. Na kama kirusi ndicho kilichowasha moto, kinaweza kuwa kilikwisha ondoka miaka kadhaa kabla shingo haijajaa, kisiache alama ya kukishtaki. Wapo pia watafiti wanaotazama upande wa pili kabisa, wakidhani kwamba maambukizi ya utotoni huenda huifundisha kinga ya mwili adabu, na kwamba pale maambukizi yanapopungua magonjwa ya aina hii huongezeka.

Upande wa urithi una takwimu zilizo imara zaidi. Watafiti wa Denmark waliwafuatilia mapacha na kukuta kwamba, pacha mmoja wa kufanana akiugua Graves, mwenzake huugua pia katika takriban jozi 35 kwa kila 100. Kwa mapacha wasiofanana ni jozi 3 hivi. Kwa hiyo damu ya ukoo ina neno kubwa. Lakini tazama na zile jozi 65 nyingine: urithi ule ule, na mmoja hakuugua. Katika nafasi hiyo iliyobaki wazi ndimo virusi vinaposhukiwa, pamoja na sigara, uzazi, msongo wa mawazo na iodini. Wanawake huugua mara kadhaa zaidi ya wanaume.

Iodini inastahili aya yake, kwa sababu sisi wa mashariki ya Kongo tuna historia nayo. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa Kibelgiji wakiwamo François Delange na André Ermans walikuta marovu mengi upande wa kaskazini na machache upande wa kusini-magharibi, ingawa upungufu wa iodini ulikuwa karibu sawa. Mwaka 1971 waliandika kwamba chakula kinahusika, na muhogo ukawa mshukiwa mkuu: muhogo usioandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kuchukua iodini. Baadaye chumvi yenye iodini ikaletwa kama tiba ya wote. Mwaka 1996 barua katika jarida la The Lancet ilieleza kwamba Kivu kulikuwa na watu wazima waliopata tezi inayokimbia baada ya iodini kuongezeka ghafla, maana tezi zao zilizozoea njaa zilishindwa kujizuia ziliposhiba. Wengi wa aina hiyo hawana ugonjwa wa kinga hata kidogo. Dalili zao lakini ni zile zile: kukonda, kutetemeka, moyo kwenda mbio.

Basi mtu akisimama sokoni Kabambare na shingo iliyojaa, nyuma ya neno moja "uvimbe wa shingo" kunaweza kuwa na upungufu wa iodini, wingi wa iodini, muhogo, kinga iliyopotoka, kirusi kilichopita, au saratani. Atakayesema "virusi vimeleta" amechagua mmoja katika kundi na kuwaachia wengine waondoke bila kuhojiwa.

Na neno virusi lenyewe lina mzigo wake. Limetoka Kilatini, likakuta Kiswahili kina ngeli ya ki-/vi-, likaingia humo kana kwamba lilizaliwa hapo. Kwa kuwa lilianza na vi-, tukalifanya wingi. Kisha tukatunga umoja wake, kirusi, kama kitu na vitu. Ni utohozi wa kupendeza, na kila mwalimu wa mofolojia ameutumia darasani. Lakini angalia lilivyofika kwa watu. Magonjwa ya zamani ya virusi Kiswahili kiliyapa majina kwa dalili zake, bila kumtaja mdudu: ndui, surua, tetekuwanga, matubwitubwi. Neno virusi lilikuja baadaye, likiwa limeshikana na ukimwi, likarudi redioni na Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ya mwaka 2018 hadi 2020, kisha likarudi na korona. Mara tatu limetangazwa, na mara tatu limetangazwa pamoja na amri ya kutokugusana. Mtu akisema "ana virusi", msikilizaji hahitaji kuuliza virusi gani. Amekwisha sogea.

Ndiyo maana sahani ya shangazi ilitengwa. Waliomtenga hawakuwa wajinga wala wabaya. Walitii mafundisho waliyopewa kwa miaka 30 kuhusu neno hilo. Ugonjwa wa Graves hauambukizi kwa kula pamoja, kwa kulala pamoja wala kwa kunyonyesha. Hata kama siku moja itathibitishwa kwamba kirusi fulani huuanzisha, kirusi hicho mtu anaweza kukipata na asiugue, kama wengi wanavyokipata Epstein-Barr na kuendelea na shughuli zao.

Kasongo yenyewe ina somo la kale juu ya virusi na sababu, na nadhani wenzangu wachache wanalijua. Katika miaka ya 1970 taasisi ya tiba ya Antwerp ilikuwa na mradi wa afya mjini kwetu, na watafiti wake wakalinganisha watoto wa miezi 7 hadi 35 waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Mwaka 1981 walichapisha matokeo katika The Lancet. Waliochanjwa walikufa wachache zaidi mwanzoni, lakini tofauti ilionekana kupungua kadiri muda ulivyoendelea. Waandishi wakauliza swali zito: je, surua iliwaua watoto hao, au iliwachukua mapema waliokuwa dhaifu na ambao wangekufa kwa kitu kingine? Wengine walibisha. Mwaka 1995 Peter Aaby na wenzake, wakichanganya tafiti za nchi kadhaa pamoja na Zaire, walieleza kinyume: kwamba chanjo ya surua iliokoa watoto wengi kuliko ambao surua peke yake ingewaua. Surua ni ugonjwa ambao hakuna anayebisha kwamba una kirusi chake. Pasipo kirusi cha surua hakuna surua. Bado, kuunganisha kirusi hicho na kifo cha mtoto wa Kasongo kulihitaji miaka ya mabishano. Kwa tezi ya shingo, ambako hata kirusi chenyewe hakijulikani, mtu anawezaje kutosheka na maneno mawili?

Ninachosema kwa wanafunzi wenzangu wa tafsiri ni hiki. Ukweli wa sentensi ya kitabibu mara nyingi haukai katika nomino zake, ambazo ndizo tunazozitolea jasho kutunga istilahi. Unakaa katika kitenzi na viambishi vyake. Linganisha sentensi mbili: "Virusi vya surua huleta surua" na "Virusi huleta rovu." Kiambishi hu- kinatangaza desturi, jambo ambalo ndivyo lilivyo siku zote. Katika sentensi ya kwanza kimekaa mahali pake. Katika ya pili kinasema uongo, ingawa kila neno moja moja limo katika kamusi. Kiswahili kina njia za kusema kilicho kweli: huenda vilichangia, vinashukiwa, vimeonekana pamoja na. Njia hizi huanguka njiani kwa sababu ni ndefu, na habari inayosafiri kwa mdomo kutoka Kasongo hadi Kabambare hupunguza mizigo.

Kwa hiyo nilitafuta kitenzi kifupi kitakachosafiri salama, nikakipata jikoni: kuchochea. Anayechochea moto hakuleta kuni. Kuni zilikuwepo, kaa lilikuwepo. Yeye amesogeza tu, na akienda zake moto unaendelea. Hivyo ndivyo watafiti wanavyokiwazia kirusi katika magonjwa haya: urithi ndio kuni, maambukizi ni mkono uliosogeza, na mkono huo huenda umeshaondoka. Ndiyo maana dawa ya kuua virusi haina kazi hapo, na kabimazole inayo, kwa kuwa kabimazole huizuia tezi kutengeneza homoni, yaani hupunguza moto unaowaka leo. Najua pingamizi: baadhi ya vitabu vyetu vya biolojia hutumia kichocheo kwa homoni yenyewe, na vingine kwa kimeng'enya. Darasani mgongano huo ni wa kweli na tunapaswa kuutatua, pengine kwa kuiachia homoni jina lake. Lakini Kabambare hakuna aliyesoma vitabu hivyo, na kila mtu amewahi kuchochea moto.

Sentensi nilizozituma nyumbani zilikuwa nne, kila moja fupi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja bila kuvunjika: Hakuna aliyemtumia. Hajajifanyia. Hamwambukizi mtu. Dawa yake ni ya kila siku. Neno virusi sikuliweka. Kuna mwalimu wangu aliyenipinga hapo, akisema kwamba kuficha neno ni kumnyima mgonjwa elimu, na hoja yake ninaiheshimu. Jibu langu ni kwamba shangazi mwenyewe alielezwa yote, pamoja na virusi na mashaka yake, ana kwa ana na kwa muda wa kutosha wa kuuliza. Ujumbe wa kupita vinywa vingi ni utanzu mwingine, nao una masharti yake. Sahani ilirudi kwenye sinia la wote baada ya majuma kadhaa. Vidonge vya sokoni vilitupwa. Uzito ulianza kurudi.

Linabaki jambo moja ambalo bado sijalipatia maneno, na naliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili kama kazi. Kabimazole, kwa wagonjwa wachache, hushusha ghafla seli nyeupe za damu. Dalili yake ni homa na koo kuuma, na mgonjwa anapaswa kuiacha dawa na kwenda kupimwa damu siku hiyo hiyo, kwa sababu anaweza kufa kwa maambukizi madogo tu. Kifaransa kinalisema hilo kwa mstari mmoja. Sasa lisemeni kwa Kiswahili cha kijiji cha Kabambare, ambako homa huja kila msimu, huitwa malaria kabla ya kupimwa, na hutibiwa nyumbani. "Ukipata homa, nenda hospitali" ni sentensi ambayo kila mtu amekwisha isikia mara mia na kuizoea. Inahitajika sentensi itakayoitenga homa hii moja na homa zote alizowahi kuugua, na iwe fupi ya kukumbukwa usiku na mtu anayetetemeka.